Upande wa Mlangoni

Bibi Kalolaine alikuwa hajamaliza hata juma moja kaburini pale Pisila alipoisikia nyundo yake ikigonga.

Ilikuwa mchana, jua la utosini. Pisila alikuwa jikoni akimenya majimbi, mkeka chakavu wa matanga umemzunguka kiunoni, nywele alizokatwa siku ya mazishi zikimwasha shingoni. Ko, ko, ko. Kimya. Ko. Mlio wa nyundo ya mti juu ya gogo, mwanamke akiponda gome liwe nguo. Siku nyingine asingeinua hata uso, maana kisiwa chao, kimoja cha visiwa vya Ha'apai, huamka na kulala na mlio huo. Lakini penye msiba hakuna anayeponda gome. Nyundo zote za kijiji zilikuwa zimefichwa tangu jeneza lilipotoka kanisani, na mwanamke ambaye angethubutu kuitoa yake angesemwa mpaka uzeeni.

Alimgeukia shangazi yake Fusi, aliyekuwa akikuna nazi.

"Shangazi, unasikia?"

"Nasikia nini?" Fusi akazidi kukuna. "Menya majimbi, wewe. Wageni wa kanisani hawatakula masikio yako."

Pisila akaweka kisu chini, akazunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye kibanda cha Bibi. Hapakuwa na mtu. Juu ya gogo lilikuwapo gome lile lile ambalo Bibi alikuwa akiliponda siku alipoanguka, kipande chembamba kisichotosha hata kitambaa cha kichwa. Babu Manase alikataa lisiguswe. "Iacheni kazi ya mke wangu hapo hapo," alisema, na nani angebishana na mzee anayelia? Sasa gome lilikuwa limeloweshwa maji, na nyundo imelazwa upande wa kulia.

Bibi alikuwa mashoto.

Pisila alirudi jikoni, akashika tena kisu. Alijiambia kuwa ni watoto wa jirani, ingawa watoto wote wa jirani walikuwa shuleni.

Jioni, baada ya sala, walikaa ukumbini kumkumbuka marehemu. Hakuna aliyepanga, maneno yalitoka yenyewe. Fusi, ambaye ulimi wake ni mkali lakini moyo wake ni siagi, alisimulia jinsi mama yake alivyofungwa mkono wa kushoto shuleni ili auache, akaenda nyumbani akaufungua na kuendelea nao. "Akasema, 'Huu ndio Mungu alionipa, wa kulia nimepewa wa kujikunia.'" Wote wakacheka, Babu akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake nyundo ilikuwa imelazwa kushoto.

Usiku uliofuata alisimulia Babu. Alisema kila shelisheli ilipotoka motoni, Bibi aliutenga ule upande uliokauka na kuwa mwekundu, akampa mtoto aliyekaripiwa siku ile. Hakumuuliza kosa lake. Alimpa tu, akampangusa machozi kwa ncha ya nguo. Pisila naye aliyakumbuka mengi, maana mama yake mzazi alikwenda Nyuzilandi kutafuta kazi akasahau kurudi, na Bibi ndiye aliyemlea. Lakini lipo moja alilolipenda kuliko yote, na hilo alilimeza. Utotoni walilala mkeka mmoja, Bibi siku zote akilala upande wa mlangoni, mtoto upande wa ukutani. Pisila alipomuuliza sababu, Bibi alimjibu sikioni: "Kitakachoingia, kinikute mimi kwanza." Neno hilo lilikuwa lao wawili, na Pisila hakutaka kulitoa liwe maongezi ya kunywea chai.

Siku iliyofuata alimkaripia binti yake Siale, mtoto wa miaka sita, kwa kuchafua gauni la kanisani. Muda si mrefu akamkuta ameketi kibandani, anatafuna shelisheli. Kipande chekundu, kilichokauka vizuri.

"Nani amekupa?"

"Bibi."

"Bibi yupi, Siale?"

"Bibi wetu." Mtoto alimtazama kama anayeulizwa swali la kijinga. "Amesema nisilie."

Pisila alimpokonya kile kipande. Kilikuwa baridi kama kitu kilichotoka chini ya jiwe, na nyuma ya harufu ya moshi kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa.

Alimvuta shangazi yake uani, wakasemezana kwa kunong'ona.

"Mama amekuja kutuaga, basi," alisema Fusi. "Angekuwa na roho mbaya ningeogopa. Mama? Mama alikuwa hata kuku anamwomba radhi kabla ya kumchinja."

"Shangazi, mbona nyundo ilianza kulala kulia?"

"Ah! Marehemu nao wapimwe kwa nyundo? Wewe tangu mumeo Folau aende kuchuma matunda ya watu huko ng'ambo umekuwa unamshuku hata paka."

Ni kweli Pisila alikuwa mtu wa kushuku. Lakini shuku yake ilikuwa na macho. Aliona kwamba kila kilichosimuliwa usiku kilitendeka mchana. Fusi akisimulia wimbo ambao Bibi aliuimba puani akifua, kesho wimbo unasikika nyuma ya nyumba. Babu akitaja mafuta ya nazi aliyojipaka mkewe, kesho nywele za Siale zinanukia mafuta hayo, na chini ya mafuta, udongo. Tena mtoto aliacha kula. "Nimeshiba," alikuwa akisema, "Bibi amenilisha," huku mifupa ya mabega ikijitokeza na viganja vyake vikiwa baridi hata juani. Na gome juu ya gogo lilikuwa linakua. Lile lisilotosha kitambaa lilikuwa sasa linafika kifuani kwa Siale.

"Likiisha ni la nini?" Pisila alimuuliza.

"Shuka langu," alisema mtoto. "Bibi anasema likinitosha tu, ananifunika tunaenda."

Nguo ya gome jipya ndiyo wanayofungiwa maiti wa kisiwani kwao, na Bibi mwenyewe alikuwa amefungiwa ya mkono wake.

Pisila hakumuaga mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Vaisima, mganga wa majani, mwanamke mnene mwenye kucheka ovyo ambaye siku hiyo, akisikiliza habari yote, hakucheka.

"Kazi ya marehemu mmeiacha juu ya gogo?" aliuliza.

"Babu alikataa..."

"Babu yako anapenda, lakini hajui. Kazi isiyoisha inataka mikono, mwanangu. Mnaweka gogo tupu bila mwenyewe, unadhani atakaa nani? Sasa niambie. Kabla hamjaanza kusimulia, huyo wenu alijua nini?"

Pisila akafikiri. "Hakujua hata mkono wa Bibi."

"Basi si Bibi. Ni tevolo, jini lisilo na sura. Mnalifundisha wenyewe kila jioni, na chai mnalimiminia." Aliinama karibu. "Leo lipe uongo. Uone kama litaumeza."

Jioni ile Pisila alisubiri mpaka wengine wanyamaze, kisha akasema, "Mimi namkumbuka alivyokuwa akiniita kwa mluzi. Mara tatu, taratibu, wa mwisho anauvuta."

Babu akainua uso. "Mluzi? Kalolaine?"

"Ulikuwa shamba, Babu."

Mzee akarudi kwenye chai yake. Pisila alihisi kama amempiga bibi yake kofi mbele za watu, maana Bibi hakuvumilia mluzi nyumbani mwake hata mchana. Alisema ndivyo wanavyoitana wasio na vinywa.

Kesho yake, kengele ya sala ya jioni ilipokuwa ikimalizia, Pisila alimketisha Babu karibu na dirisha la nyuma, Siale akiwa amelala chini kwenye mkeka, Fusi akikunja nguo, na hapo ndipo ulipokuja, kutoka kibandani, mluzi, wa kwanza mfupi, wa pili mfupi, na wa tatu ukivutwa, ukivutwa, mrefu kuliko pumzi ya mtu yeyote aliye hai, mpaka mbwa wa jirani wakanyamaza na nguo zikamwanguka Fusi mikononi na mtoto aliyelala akasimama macho yakiwa bado yamefumba, akaanza kwenda mlangoni akisema, "Naam, Bibi, nakuja, limenitosha?"

Babu ndiye aliyemwahi. Alimkumbatia akaanguka naye chini.

"Si yeye," alinong'ona. "Mke wangu hajapiga mluzi tangu namjua. Si yeye." Kisha akalia kama mtoto. "Nimekuwa nikimwekea chai kila alfajiri, Pisila. Kikombe nakikuta kitupu. Nilifurahi, mjukuu wangu. Nilifurahi sana."

Mama Vaisima alikuja na majani yake yamefungwa kwenye kitambaa. Fusi alimshika Siale miguu, Pisila mabega, na mganga akamkamulia maji ya majani puani na machoni. Mtoto alipiga kelele mara moja tu, kisha ikatoka sauti nyingine, ya kizee, tamu, yenye mkwaruzo ule ule walioujua.

"Fusi mwanangu, mbona mnaniumiza?"

Fusi karibu aachie. "Mama!"

"Kaza mikono!" alifoka Vaisima. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Kalolaine. Naponda kwa mkono wa kushoto. Namtengea aliyekaripiwa shelisheli nyekundu. Naimba puani nikifua. Najipaka mafuta ya nazi. Naita watoto kwa mluzi."

"Na kingine?"

Maji ya majani yalikuwa yakidondoka mkekani.

"Kingine!"

"Kingine," ilisema ile sauti polepole, na utamu ukiwa umeitoka, "sijaambiwa."

Babu Manase alinyanyuka. Hakumsubiri mtu. Alichukua shoka, akapasua gogo alilomchongea mkewe wakiwa vijana, akavunja nyundo, akalibeba gome zito lenye maji mpaka pwani na kulizika. Aliporudi Siale alikuwa ametapika maji meusi na analilia nyama ya kopo. Alikula kopo zima na majimbi juu yake, na Pisila akamtazama akitafuna, akicheka na kulia kwa pamoja.

Lakini Vaisima hakuwa amemaliza. "Msimsimulie tena ndani ya nyumba hii. Hata jina lake. Limetoka, halijaenda mbali, na masikio linayo."

"Na huyu mtoto atamjuaje bibi yake?" Fusi aliuliza.

"Hatamjua. Ataishi."

Wakaacha kumtaja. Ni jambo gumu kumzika mtu mara mbili, na mara ya pili ilimuuma Pisila zaidi. Picha ziliondolewa ukutani. Fusi alikuwa akianza, "Mama alikuwa..." kisha anajifunga mdomo na kwenda kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Siale aliuliza kidogo, halafu akaacha kuuliza. Usiku Pisila alimlaza mtoto upande wa ukutani, yeye mwenyewe akalala upande wa mlangoni, na neno lake alilolimeza likamfariji, kwa sababu hakuna aliyelisikia, wala mtu wala jini.

Matanga yaliisha, mikeka chakavu ikavuliwa. Asubuhi moja Pisila aliamka na kuhisi joto mgongoni. Kati yake na mlango mkeka ulikuwa umebonyea, umbo la mtu mfupi aliyejikunja. Aliweka kiganja. Palikuwa na vuguvugu. Palinukia mafuta ya nazi na moshi, basi.

Alikaa pale akitokwa machozi ya furaha. Hili halikusimuliwa. Hili jini lisingelijua kamwe. Ni yeye mwenyewe, Kalolaine wake, amerudi kulala mahali pake, kinachoingia kimkute yeye kwanza.

Alimmiminia Siale chai akiwa bado anatabasamu.

"Mama," alisema mtoto, "ile hadithi yako ya usiku ni nzuri."

"Hadithi gani?"

"Ulikuwa umefumba macho. Ulisema ulipokuwa mdogo Bibi alikuwa analala mlangoni, ili kitakachoingia kimkute."

Pisila aliweka birika chini. "Nilisema kwa sauti?"

"Kubwa. Juzi ulisema, na jana tena."

Alirudi chumbani, akapiga magoti, akaweka uso pale palipobonyea na kuvuta pumzi. Mafuta. Moshi. Akavuta tena, kwa kina zaidi, akitafuta, na hakuweza kuapa kwamba chini kabisa hapakuwa na kitu kingine.

Jioni alimpeleka Siale akalale kwa Fusi. Kisha akatandika mkeka, akazima taa, akabaki amesimama gizani, hajui alale upande gani.