Kaseti Iliyopigwa Kinyumenyume

Pumzi ile haikupaswa kuwepo. Masikio alisimamisha mashine, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Katika tamthilia, mgeni wa sayari ya mbali anamaliza kusema, halafu, mahali ambapo Masikio mwenyewe alikuwa amekata na kuacha kimya, mtu anavuta pumzi. Akaifuta. Alipotoka kunywa chai na kurudi, ilikuwa pale pale, na chumba kilinuka majivu yaliyolowa maji.

Pale kwenye kituo cha televisheni walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mhariri wa sauti, na angeweza kukuambia nani anakuja koridoni kwa mlio wa viatu tu. Tamthilia yao ya safari za anga ilichekwa na kila idara. Chombo cha anga kilikuwa matangi ya maji yaliyopakwa rangi ya fedha, na nahodha alivaa ovaroli ya fundi magari. Sehemu hii ndiyo ingeamua kama wataendelea au watarudi kurekodi mikutano. Wanaanga wanasikia sauti gizani, hawaielewi, na wanaijibu kwa kuirudia neno kwa neno.

"Usiniletee tena mtu anayekoroma ndani ya ndoo," mwongozaji alimwambia. "Nataka kitu kinisimamishe nywele."

Basi Masikio akaichukua kaseti ya shangazi. Zamani, alipokuwa mtoto, mama yake alipandwa na jini. Lilikuwa likizungumza kwa kinywa cha mama, kwa sauti nzito, na kumwita Masikio "mdogo wangu" kama vile wamezaliwa tumbo moja. Siku mganga alipolitoa, shangazi alificha kinasa sauti chini ya mtandio, ili ndugu waliosema mama anajifanya wafunge midomo yao. Masikio alikata maneno ya mganga na majibu ya jini, akayageuza yote kinyumenyume, ujanja ambao kila mtu wa kazi yake anaujua. Hakuna ambaye angeyatambua. Mwongozaji aliposikiliza alisema, "Hii ndiyo."

Jioni ya kurushwa hewani, pumzi ile ilikuwa bado inamkera. Akaitia kaseti yenyewe kwenye mashine, aisikilize kama ilivyorekodiwa. Mganga alisikika akiamuru, "Toka." Akangoja lile jibu alilolikumbuka tangu utotoni, "Natoka, sirudi." Halikuja. Mganga aliamuru tena na tena, na kila mara alijibiwa na mkwaruzo wa utepe mtupu.

Hapo ndipo alipoelewa. Kila neno lililolifukuza lile jini kutoka mwilini hadi mlangoni, yeye alikuwa amelirudisha kinyumenyume, kutoka mlangoni hadi mwilini.

Akampigia mama. "Mama, zima runinga."

"Nizime kazi ya mwanangu? Majirani wote wako hapa, mwanangu. Ndiyo kwanza inaanza."

"Mama, nakuomba."

Simu ilipumua, ikakatika.

Mwongozaji hakutaka hata kumsikiliza, kwa hiyo Masikio alikimbia kwenda kwao, viatu mkononi, na kila nyumba aliyoipita ilikuwa na mwanga wa buluu dirishani na sauti ileile aliyoikata kwa mikono yake, ikitoka kwenye duka la vinyozi, ikitoka ghorofani, ikitoka kwenye simu ya mlinzi getini, mpaka akahisi haikimbii sauti hiyo bali anakimbia ndani yake, na harufu ya majivu ikazidi kila alipokaribia kwao.

Sebuleni majirani walikuwa wanapiga makofi. Mama alikaa wima kwenye kiti chake, macho hayapepesi, akitamka maneno ya mgeni wa sayari kabla runinga haijayatamka.

"Mama yako amekariri kazi yako yote," jirani mmoja akamwambia akicheka.

Mama akageuza shingo taratibu. "Mdogo wangu," ikasema ile sauti nzito. "Umekuwa mkubwa."

Shangazi ndiye aliyemleta mganga yuleyule wa zamani, mzee sasa, ameshikwa mkono. Walifunga mlango na majirani wakabaki nje, hakuna aliyecheka tena. Masikio alimshika mama miguu, akilia, na hakutaka kusikia chochote, yeye ambaye husikia kila kitu. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe mama aliomba maji, akauliza kipindi kiliishaje.

"Ametoka," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mjukuu wangu, mimi nilikuwa nazungumza na mtu mmoja chumbani. Wewe umezungumza na watu wangapi?"

Asubuhi mwongozaji akapiga simu, furaha imemjaa. Hakuna aliyewacheka tena. Mji mzima ulikuwa unazungumza habari za sehemu ile, na watoto walikuwa wameikariri lugha ya mgeni neno kwa neno, kama nahodha. "Tunairudia leo," alisema. "Wameomba wenyewe."

Masikio alikwenda dirishani. Watoto walikuwa wanaenda shule wakiitana kwa maneno yale, wanayajibu kwa kuyarudia. Binti wa jirani, aliyejivika sufuria kichwani kama kofia ya anga, akasimama chini ya dirisha. Harufu ya majivu yaliyolowa ikapanda taratibu. Mtoto akainua uso, macho hayapepesi.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema kwa sauti nzito, kisha akawakimbilia wenzake.