Aliyeufuata Mfupa

Asubuhi ya kwanza pipa la maabara ya chuo lilipokutwa kavu, kila mtu alidhani maji yameibwa. Newala ya miaka ile, kuiba maji halikuwa jambo la kushangaza. Bomba liliweza kutoa hewa tupu wiki nzima, lori la maji lilipofika watu walisukumana kwa ndoo, na wanawake wa kijiji cha Mkunya bado walikuwa wakishuka bondeni alfajiri na kupanda mlima na mzigo kichwani. Kwa hiyo Mwalimu Alfredi hakugomba. Aliagiza kufuli jipya, pipa likajazwa tena, mlango ukafungwa.

Kesho yake lilikuwa kavu vilevile.

Sikudhani, mwanafunzi aliyekuwa na zamu ya kuandaa vifaa, aliinama akapitisha mkono ndani ya pipa. Hapakuwa na hata unyevu. Chini palikuwa na vumbi jepesi, kama pipa lisiloonja maji tangu litengenezwe. Lakini lilikuwa na harufu, na haikuwa ya kutu. Lilinuka tope, tope bichi la mtoni, na mto ulikuwa mbali kabisa, chini huko Ruvuma.

"Labda limetoboka," alisema rafiki yake Regina, nyuma yake.

"Sakafu ingelowa."

Regina alikuwa amesimama kando ya meza yenye mfupa, akilamba midomo.

Chuo chenyewe kilikuwa kipya, na jengo lake lilikuwa kuukuu. Zamani hapo palikuwa kiwanda cha kubangua korosho. Kiwanda kikafa, mashine zikaota kutu, na ilipokuja ruksa ya watu binafsi kununua korosho, mfanyabiashara mmoja wa Masasi aitwaye Faridi akatajirika, akalikodi jengo na kufungua chuo. Alifundisha watu upigaji chapa, utunzaji wa hesabu, na uongozaji wa watalii. Hilo la mwisho watu walilicheka, naye hakujali.

"Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, Lindi, wakaipeleka kwao Berlin," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Sasa milango imefunguliwa. Wajukuu zao watakuja kutaka kuona ilikotoka. Nyie ndio mtakaowaonyesha."

Akamwajiri Alfredi Nandonde, mwenyeji wa Tandahimba aliyesomea miamba Ujerumani, afundishe somo la utangulizi wa dinosaria. Asubuhi walisikiliza mihadhara, mchana walifanya kazi ya maabara. Walijifunza kusafisha kwa brashi na tindo ndogo, kumimina plasta, kutofautisha jiwe na mfupa uliogeuka jiwe. Kwa hilo la mwisho Alfredi aliwafundisha njia ya wachimbaji wa siku zote: unagusa kwa ncha ya ulimi. Jiwe huteleza. Mfupa wa kale hunata, kwa sababu unanyonya mate.

Sikudhani na Regina walilipenda somo lile kuliko wenzao wote. Walikuwa wamepanga chumba kimoja karibu na soko, Sikudhani binti wa Kiislamu wa Mkunya, Regina binti wa katekista wa huko Chidya, na jioni walikuwa wakiulizana majina ya mifupa huku wakimenya mihogo.

Mfupa uliokuwa mezani waliutoa wenyewe. Walikuwa wameshuka na mwalimu kwenye korongo moja chini ya mteremko, upande wa Ruvuma, kujifunza kusoma matabaka ya udongo, na Regina akaona kitu kimechomoza ukingoni. Akakigusa kwa ulimi. Kikanata. Walichimba mpaka jua likawa utosini, wakautoa mfupa wa paja, mzito wa kubebwa na watu wanne kwa machela. Palepale ulipokuwa umelala, kwenye udongo mkavu uliopasukapasuka, maji yakaanza kujaa. Yalikuwa safi, ya baridi. Wote walikuwa na kiu, lakini Regina ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga magoti, akakinga viganja, akanywa. Mwingine alipoinama, shimo lilikuwa kavu.

Walicheka siku ile. Alfredi alieleza habari za chemchemi zilizobanwa chini ya mwamba, na maelezo yake yaliridhisha.

Baada ya pipa kukauka mara ya pili, Sikudhani alianza kumtazama mwenzake. Regina alikuwa akiamka anaelekea kwenye mtungi kabla hata ya kunawa uso. Alikuwa akinywa akiwa amesimama, kikombe juu ya kikombe, bila kupumua katikati. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyetembea juani. Adhuhuri moja Sikudhani alirudi chumbani, akamkuta amepiga magoti mbele ya beseni la maji ya kufulia, mikono mgongoni, uso umezama majini, akinywa kama anavyokunywa ng'ombe.

"Regina," aliita kwa sauti ndogo. "Hayo yana sabuni."

Regina aliinua uso. Macho yake yalichelewa kumtambua mwenzake.

"Siyo mimi," alinong'ona. "Sikudhani, nikinywa, siyo mimi ninayeburudika."

Mchana uleule walikuwa maabara, darasa zima, kila mmoja na brashi yake, wakisafisha mabaki ya udongo kwenye mfupa. Chumba kilikuwa na joto, mabati yalikuwa yakilia kwa jua, na kuta bado zilikuwa zikitoa ile harufu kali ya mafuta ya maganda ya korosho. Kisha harufu ile ikaondoka, ghafla, kama mtu aliyeamriwa kutoka, na mahali pake likaingia tope.

Halafu wakasikia mluzi.

Ulitokea nje, upande wa bondeni, mluzi mrefu unaopanda na kushuka, kama wa mtu anayeita mifugo iliyotawanyika, na brashi zote zikasimama, na hakuna aliyemtazama mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa akingoja mwingine aseme kwamba ni mchunga mbuzi tu, ingawa wote walijua kuwa mluzi ule ulikuwa ukisogea kwa kasi ambayo mguu wa binadamu haupandi nayo mlima, sasa uko mtaroni, sasa uko ukutani, sasa umeingia ndani ya chumba chenyewe katikati yao, na walipotambua unakotokea walirudi nyuma wote kwa pamoja wakiangusha viti, maana aliyekuwa akipiga mluzi ni Regina, na midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Alianguka kabla Alfredi hajamfikia.

Walimkimbiza zahanati. Mganga alisema mwili umekauka maji, akaamuru atundikiwe dripu. Sikudhani alikaa kando ya kitanda. Nesi alifungua dripu, akageuka kwenda zake, na kabla hajafika mlangoni Sikudhani alimwita arudi. Mfuko ulikuwa mtupu, umejikunja kama ganda. Nesi akatundika mwingine. Walisimama wote wawili wakautazama ukinywewa, na hakuna povu lililopanda ndani yake, na hakuna tone lililoonekana likipita kwenye mpira. Nesi alijifuta mikono kwenye aproni, tena na tena.

"Dada," alisema taratibu, "huyu ndugu zake ni akina nani?"

Baba yake Regina alikuja na baiskeli, akasali kitandani mpaka sauti ikamkauka. Binti yake aliitikia sala zote, lakini aliendelea kunyauka. Siku ya pili mzee yule alimwita Sikudhani pembeni.

"Nasikia una shangazi kule Masasi, wa mambo haya."

"Ninaye, baba. Lakini yeye hutibu kwa Kurani na mafusho. Sikutaka kukukosea."

"Mlete," alisema katekista. "Mimi na Mungu tutaelewana."

Shangazi huyo, Bimdogo, alifika alasiri ya siku iliyofuata, mama mnene mwenye kanga mbili na kikohozi. Alipoamkiwa aliitikia marahaba bila kumtazama mtu, akawa ananusa. Alipokwisha kusimuliwa habari za korongo, alisema mgonjwa asitibiwe zahanati, apelekwe ulipo mfupa. Faridi alitoa ruhusa kwa sharti kwamba jambo lile lisitoke nje, akaenda kukaa kwenye gari lake na vioo amefunga.

Wakabaki wao: Bimdogo, Sikudhani, Alfredi, katekista, na Regina akiwa amelazwa mkekani chini ya meza ya mfupa. Mwanga wa jua ulikuwa ukiingia kwa madirisha ya juu. Bimdogo aliwasha ubani, akasoma kwa muda mrefu, kisha akamwinamia mgonjwa.

"Wewe nani?"

Jibu lilikuja kwa lugha ambayo haikuwa na maneno, mlio mzito tu, wa chini, mpaka tindo na vijiko vikacheza mezani. Kisha likaja kwa Chimakonde. Kisha kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayejaribu viatu.

"Mchungaji."

"Unachunga nini?"

Mkono wa Regina ulipanda, ukaushika mfupa kwa upole.

"Huyu alikuwa wa nyuma. Mzito wa kutembea. Nilikuwa nimemsimamia anywe, twende zetu. Akalala kwenye tope. Nikasema nitamngoja."

Bimdogo aliongeza ubani. "Ninyi majini mliumbwa kabla yetu. Hilo najua. Mtoto huyu hajakukosea, amekunywa maji tu."

"Amekunywa maji ya mnyama wangu." Sauti haikuwa na hasira. "Wenzake wako wapi? Nilikwenda kuwaita upande wa Lindi. Nikakuta mashimo."

Bimdogo alimgeukia Alfredi, akamnong'oneza, "Mwambie hujui. Usimwambie lolote."

Lakini Alfredi alikuwa anajua. Alipokuwa mwanafunzi kule Berlin alikwenda mara nyingi kusimama chini ya mifupa ile, siku za baridi, alipokumbuka nyumbani, kwa sababu ilikuwa imetoka mkoa wa jirani na kwao. Alifungua mdomo aseme hajui, na uso wa Regina ukamgeukia. Akashindwa.

"Nimewaona," alisema. "Wako Ujerumani. Wamo ndani ya jumba."

"Wamelala?"

"Mmoja amesimamishwa."

"Anakunywa wapi?"

"Hanywi."

Halafu yalianza machozi, mwanzo machache, kwenye pembe za macho ya Regina, kisha yakaanza kutiririka, kisha yakatoka puani na mdomoni, maji ya pipa na ya mtungi na ya dripu na mengine yasiyojulikana yalikotoka, yenye tope na majani ambayo hayaoti tena popote, yakienea sakafuni, yakilowesha magoti ya katekista aliyekuwa akimwinua mwanawe kichwa na kumwita jina, huku Bimdogo akisoma kwa sauti inayokatika na Sikudhani akijaribu kuyakomba mdomoni kwa vidole ili mwenzake apate pumzi, na kila alipokomba yalizidi, na kifua cha Regina kikapanda, kikatetemeka, kikakataa kushuka.

"Anazama," alisema Sikudhani. "Shangazi, anazama pakavu."

"Nipeleke," ilisema sauti ndani ya maji. "Unayeijua njia, nipeleke."

"Usiahidi," alinong'ona Bimdogo. "Mwalimu, nakuomba. Neno la mtu kwa jini halina mwisho. Nipe muda nimbane."

Alfredi alimtazama msichana. Kucha zake zilikuwa zimegeuka rangi. Alikuwa ndiye mwanafunzi aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, aliyebaki baada ya kipindi akitaka kujua wanyama wale walilala vipi, na kama walikuwa na sauti.

"Nitakupeleka," alisema.

Maji yalikoma. Regina alikohoa, akavuta pumzi kwa kishindo, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, akimwita baba yake. Bimdogo alikaa chini kwenye tope, akaacha kusoma.

Mfupa waliurudisha korongoni wiki ileile, wakaufukia, na katekista akaweka mawe juu. Regina alipona. Alikaa nyumbani Chidya mpaka mikorosho ikatoa maua, akarudi, lakini somo la dinosaria halikuwapo tena. Faridi alilifuta, maabara akaigeuza ghala. Regina na Sikudhani wakamalizia upigaji chapa.

Alfredi alibaki kidogo mjini. Waliokutana naye walisema amekonda, kwamba hupenda kutembea peke yake na hata hivyo hupisha njia kana kwamba yuko na mtu. Aliwaambia kuwa ameomba nafasi ya kurudi Ujerumani kusoma zaidi. Siku aliposafiri, Sikudhani na Regina walikwenda stendi kumuaga. Walimkuta amekwisha kupanda basi la Mtwara, amekaa dirishani, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu ingawa watu walisimama mpaka mlangoni.

"Shikamoo mwalimu," walisema kutoka chini.

"Marahaba wanangu." Alimtazama Regina. "Unalala vizuri?"

"Nalala, mwalimu."

"Vizuri."

Alitaka kuongeza neno. Wakati huo mama mmoja mwenye kapu la kuku alijipenyeza, akafika pale, akajitupa kwenye kiti kile kitupu kwa uchovu. Hakukaa hata kidogo. Aliinuka akishika nyuma ya kanga yake, iliyokuwa imelowa chapachapa na tope, akakitazama kiti, akamtazama Alfredi, na kuku ndani ya kapu wakanyamaza wote.

"Samahani mama," alisema Alfredi kwa heshima, huku akisogea dirishani kumpa nafasi zaidi aliyekuwa hapo. "Pana mtu."