Kiraka Kilichomwangusha Bartholomeo

"Umembandikia ndugu yangu ulimbo, ulimbo wa kunasia ndege, halafu unanikodolea macho," Juliana alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Solusheni ya kubandikia viraka umeipeleka wapi?"

"Dada Juliana, mti wa ulimbo wa huku kwenu hata siujui unafananaje," alijibu fundi Andendekisye.

"Utaujulia wapi, nyie mnaoletwa na malori."

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, mwezi wa sita mwaka 1956, mtaa wa Mlandege, Iringa. Baridi ilikuwa bado imeng'ang'ania masikio, lakini majirani walijaa barazani kama waliokuja arusini, na kila aliyechelewa alihadithiwa upya na watu watatu kwa mpigo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Bartholomeo, karani wa bomani, mdogo wake Juliana, alizibiwa pancha ya gurudumu la mbele na Andendekisye siku ya Ijumaa saa kumi alasiri. Jumamosi saa kumi na mbili u nusu alfajiri akapanda baiskeli kwenda Tosamaganga, ambako wazazi wa Benedicta walikuwa wanamngoja wamwone kwa macho huyo anayemtaka binti yao. Kwenye mteremko wa Ipogolo gurudumu likaisha upepo mara moja. Akaruka juu ya usukani, akavunjika mfupa wa bega. Waliomwokota walimrudisha nyumbani kwa Juliana, anakoishi, na mkono umefungwa kwa shuka, baiskeli ikitupwa mbele ya kijiwe cha fundi kama maiti inayodaiwa muuaji.

Mzee Sedekia, mwenye baraza ile, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia fundi kwamba ikifika saa kumi awe ameonyesha kosa ni la nani. Akishindwa, afungashe vyombo arudi kwao Mbeya. Andendekisye alimtazama mkewe Tusajigwe, mwenye mimba ya miezi minane, amesimama mlangoni. Safari ya lori hadi Mbeya na tumbo lile? Akavuta kigoda, akaipindua baiskeli magurudumu juu.

Ndipo alipoingiza jembe la kwanza, kile chuma cha kufungulia tairi, kati ya tairi na rimu na kuutoa mpira wa ndani, watu wote wakiona. Tundu lilikuwa pale pale alipoliacha, upande wa ndani, kichwa cha spoku kilipokuwa kimepekenyua. Kuzunguka tundu kulikuwa na mikwaruzo ya kopo lake lililotobolewa kwa misumari, mipana kuliko kiraka, kama anavyokwaruza siku zote. Lakini kiraka hakikuwa chake. Kilikuwa kipande cha mpira kilichokatwa kwa kisu butu, kimeteleza pembeni, na chini yake kulikuwa na kitu cha manjano kinachonata. Alinusa. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, maana yake kiraka cha awali kililainishwa kabla hakijakomaa, kikabanduliwa.

"Nta," alisema.

Macho yote yakahamia upande wa pili wa barabara, kwa Marcelino fundi viatu, anayepaka nta nyuzi zake za kushonea. Tena Marcelino alikuwa ameitaka baraza ile mwaka juzi akakosa. Hilo lilijulikana hata kwa kuku wa mtaa. Wengine walianza kusema mtu wa kwao naye kumbe ana roho ya chatu. Marcelino alileta mwenyewe bonge lake na kuliweka kwenye kiganja cha Andendekisye, uso umemkunjamana. Lilikuwa jeusi, kwa sababu yeye huichanganya nta na lami. Akaongeza kwamba Ijumaa yote alikuwa mazishini Kalenga, na mwenye shaka awaulize waliochimba naye kaburi. Wawili kati yao walikuwa pale pale, wakatikisa vichwa kukubali.

Andendekisye hakumwomba radhi upesi. Siku hiyo hakumwamini mtu. Aliuweka mpira chini pamoja na bonge lile, akawasha sigara, akangoja. Haikufika nusu sigara, sisimizi wakaja kwa mstari, wakakizunguka kiraka cha manjano. Bonge la Marcelino wakalipita kama jiwe.

Saa nane mchana alimwomba Tusajigwe sufuria ya maji ya moto. Alichukua mpira mkuukuu, akabandika viraka vitatu: kimoja kwa solusheni, akiiacha kwanza ikauke hadi haishiki kidole, kimoja kwa gundi ya maseremala, kimoja kwa ile nta ya manjano. Vikiwa vya baridi, vyote vilishika, hata Mzee Sedekia alivuta akashindwa. Vilipotumbukizwa majini, gundi ya mbao ikawa uji, nta ikaachia, solusheni ikabaki imeng'ang'ania.

Alieleza polepole kwamba nta ilishika mjini kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Ipogolo mtu hushuka amekaba breki, rimu inapata moto, na tundu lilikuwa linagusa rimu.

Saa tisa u nusu alikwenda kwa Bartholomeo, aliyeegemezwa mito mlangoni pa dada yake. Umati ukamfuata. Alimwuliza baiskeli ililala wapi. Jikoni, alijibu, na yeye saa moja jioni alitoka kwenda kuagana na mshenga, akarudi saa tatu. Nani alibaki nyumbani? Bartholomeo akamgeukia dada yake.

"Dada Juliana," fundi alisema, "saa nne ulinitukana kwamba sikutia solusheni. Tairi ilikuwa bado imefungwa. Ulijuaje kilichomo ndani?"

"Nilibahatisha."

"Na sisimizi nao wamebahatisha? Hii nta haijaoshwa, ina asali bado. Wewe ndiye unayechuja asali mtaa huu. Mikate ya nta iliyooshwa unauza misheni, makapi yanabaki jikoni kwako. Na marehemu mumeo Jailos aliichuuza asali hiyo kwa baiskeli miaka tisa. Kufungua tairi umemwona akifanya mara ngapi?"

Juliana alikaa chini kwenye kizingiti. Alipozungumza, alimtazama mdogo wake tu.

"Nilitaka gurudumu likuishie upepo hapa hapa mtaani, uchelewe, wale wazee wakukatae. Nikasema nta haitafika hata sokoni. Sikufikiria mteremko. Ukioa utahamia nyumba za serikali na mkeo. Mimi na wanangu watatu tutabaki na nani?"

"Na mimi ulitaka nirudi Mbeya," alisema Andendekisye.

"Ulikuwa mgeni," alisema Juliana. "Wa kusingiziwa ni mgeni."

Mzee Sedekia aliuliza kama kesi iende kwa jumbe. Bartholomeo alisema mgonjwa ni yeye, na hashtaki. Fundi alisema anachotaka ni jina lake tu, lisafishwe kwa sauti ile ile lililochafuliwa nayo. Juliana akainuka akalisafisha, neno kwa neno, mbele ya watu wote, Marcelino akiwa mstari wa mbele. Watu wakaanza kutawanyika shingo upande, kila mmoja ana nyumba ya kuiwahi na habari.

Andendekisye naye akageuka aende zake. Nyuma yake alisikia mfuniko wa chungu ukifunuliwa.

"Fundi," Juliana aliita. "Mwite na Tusajigwe, kuna ugali na maharage."

Alisimama, hakugeuka. Bartholomeo, kwa mkono wake mzima, alisogeza kigoda cha pili karibu na moto.

"Ingieni, mle chakula," alisema Juliana. "Nitaonja mimi kwanza."