Geti la Watu Kwenye Karatasi Yetu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu, akanawa mikono na kukaa mbele ya kompyuta ya karakana. Mama yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na vyuma vya madirisha. Mama alipima na kumtajia vipimo na bei, binti akaviingiza kwenye programu ya hesabu, akachapisha makadirio. Kisha mama alifuta mikono kwenye aproni na kutia sahihi pale chini. Juu hakutazama. Karatasi zilitoka vilevile miaka nenda miaka rudi, atazame nini?

Jina la Chiriku lilitokana na mdomo wake usiotulia. Lakini siku hiyo alikuwa amenuna, na sababu alikuwa mteja mmoja. Bwana yule alishika makadirio yao kwa vidole viwili, akacheka mbele ya majirani: "Mama Fundi, haya ni makadirio ya geti au risiti ya nyanya?"

Mama alicheka naye. Chiriku damu ilimchemka.

"Anatudharau, na wewe unacheka!" Chiriku alisema baada ya mteja kuondoka.

"Mwanangu, karatasi haifungi nyumba. Geti ndilo linalofunga."

"Na zahanati je? Nao wakicheka?"

Zahanati ilikuwa inatafuta fundi wa kuitengenezea geti jipya na vyuma vya madirisha yote. Mama alishasema wazi: kazi hiyo ikimponyoka, ataifunga karakana na kurudi kuwa kibarua wa watu. "Andaa makadirio yao," alisema tu, akashusha kinyago chake usoni na kuendelea kuchomelea.

Chiriku akafungua sehemu ya kubadilisha mwonekano wa makadirio. Aliyanenepesha maandishi, akaleta jina la karakana katikati, akaitia mistari rangi ya buluu. Angeishia hapo tungempigia makofi. Lakini hasira haina breki! Pale juu palikuwa na nafasi ya picha. Akachukua simu ya mama, akafungua kundi la mafundi wa vyuma, walikotumiana picha za kazi zao, akachagua picha ya geti lililopita yote kwa uzuri, lenye maua ya chuma na jani dogo kwenye pembe. Alijua fika kwamba si kazi ya mama. Akaibandika hivyo hivyo. Programu ikauliza kama mwonekano huo utumike kwa makadirio yote. Akabonyeza ndiyo.

"Sasa tuone atakayecheka," alinong'ona.

Mama alitia sahihi chini, kama kawaida yake. Chiriku akaipeleka karatasi zahanati mwenyewe, kifua mbele.

Wiki haikuisha. Mzee Cheche, fundi wa mtaa wa pili, aliingia karakana bila hodi wala salamu, karatasi mkononi, mishipa imemsimama shingoni.

"Mama Fundi! Tangu lini umekuwa mwizi?"

Mama alizima mashine. "Chunga ulimi wako, kaka. Nimekuibia nini?"

"Geti langu! Nimepeleka makadirio yangu zahanati, nakuta geti langu liko juu ya karatasi yako, nikaiomba nije nayo! Hili jani la pembeni ni alama yangu. Ninaliweka kwenye kila kazi yangu, hata mtoto wangu analijua!"

Majirani walianza kusogea mlangoni. Mama aliinyakua karatasi, akaitazama, akamgeukia binti yake. "Chiriku, hii picha imefikaje hapa?"

"Ni... ni programu, mama. Inaweka picha yenyewe."

"Umesikia?" Mama alimvaa Mzee Cheche. "Ni mashine! Unakuja kunipaka matope mbele ya majirani kwa kosa la mashine? Mimi sijawahi kugusa cha mtu! Toka kwenye karakana yangu!"

"Sitoki! Mwizi na mwongo juu!"

Chiriku alimtazama mama yake akiapa mbele ya watu wote kwa ajili ya uongo wa mwanawe. Hapo hakuweza kuvumilia tena.

"Mama, acha! Si mashine. Ni mimi. Nilijua si letu, nikaliweka."

Mama alishusha mikono polepole, na maneno yalipomtoka yalitoka kwa sauti ya chini, ambayo Chiriku aliiogopa kuliko kufokewa.

"Vaa viatu. Tunakwenda zahanati, na Mzee Cheche pia."

Mkuu wa zahanati, mama mmoja mwenye miwani, aliwasikiliza wote watatu, kisha akapiga meza kwa kiganja. "Nilikuwa nimeshakuchagua, Mama Fundi! Kwa sababu ya hili geti! Ningekuja kudai geti la maua, ungenipa nini?"

"Usingelipata," alijibu mama. "Sijui kukunja maua ya chuma. Najua kutengeneza geti lisilolegea."

"Basi nionyeshe hilo. Nataka karatasi nyingine, yenye kazi yako."

Chiriku alimwomba Mzee Cheche msamaha palepale. Mzee aliguna tu, "Ulimi wako umekawia, lakini umefika." Kisha binti akazunguka mtaani na simu, akapiga picha za kazi za mama: vyuma vya madirisha ya jirani na geti la kiwanda cha unga, zito, halina ua hata moja. Alifuta picha ya wizi kwenye kompyuta, akaweka hilo la kiwanda, akachapisha upya.

Mkuu wa zahanati alikwenda mwenyewe kiwandani. Alilisukuma lile geti kwa kidole kimoja, likafunguka bila mlio. Hata hivyo, kazi ya geti alimpa Mzee Cheche, mwenye yale maua ya chuma. Mama alipewa vyuma vya madirisha yote ya zahanati, na karakana haikufungwa.

Chiriku alilia kwa uchungu. "Geti tumelikosa kwa sababu yangu."

"Ndiyo, kwa sababu yako," mama alisema. Hakumpunguzia. "Hasira hasara, mwanangu. Mtu alitucheka, ukataka tuonekane wengine. Pamba karatasi unavyotaka, rangi na mistari sina ugomvi navyo. Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenyewe akija kuichukua, utabaki uchi mbele za watu. Na mimi nina kosa langu, nilitia sahihi bila kusoma."

Akavuta makadirio ya madirisha, akachukua kalamu. Safari hii hakuanza na sahihi.

"Nisomee," alisema. "Anzia juu kabisa."