Naomba Nisikuone Tena

Foleni ya duka la uchapaji ilikuwa imefika barabarani siku ile fundi saa alipoingia na rundo la daftari, shati limenyooshwa kwa pasi, akamkanyaga mchapaji aliyekuwa akipenya na katoni ya karatasi.

"Samahani, dada! Nimekuumiza?"

"Wala. Mguu wenyewe wa kuazima."

Fundi saa akacheka hadi watu wakageuka. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Daftari zilikuwa kumbukumbu za familia ya fundi saa, iliyohamia nchi hii yeye akiwa mdogo. Mchapaji alizichapa huku akicheka peke yake. Paa likivuja, baba mtu aliwaambia wanawe wamshukuru mwenye nyumba kwa kuwaletea bafu sebuleni. Kufikia sura ya tano, simu zilikuwa kila jioni.

"Laazizi, umekula?"

"Nilikuwa nasubiri sauti yako."

"Haishibishi hiyo. Kale!"

Ikaja sura ya mwisho: "Mchapaji wangu, kila nikiagana naye, naomba nisimwone tena maishani."

Aliusoma mstari mara tatu. Utani? Kweli? Simu ilipolia, hasira ikatangulia.

"Kumbe ndivyo unavyoniombea! Njoo uchukue daftari zako!"

"Mpenzi, kwani hukusoma sura ya tatu?"

Mchapaji akakata simu.

Sura ya tatu aliichapa mwenzake, yeye alipougua mafua. Akaitafuta. Siku ya kuhama, baba alimuaga mama yake mzazi kwa maneno matamu, kwamba wataonana karibuni. Hawakuonana tena. Tangu hapo ikawa mwiko kwao kumwambia umpendaye "tutaonana". Kila asubuhi akienda kiwandani, baba alimwambia mkewe, "Naomba nisikuone tena." Na kila jioni alimkuta.

Mchapaji alicheka, akalia, asijue kipi kimeanza.

Kesho yake fundi saa alifika macho mekundu, shati limejikunja.

"Nimefuata daftari. Na nilitaka kukuomba nikuoe, ila jibu nalijua."

Foleni nzima ikageuka kuwatazama.

"Nenda kazini," mchapaji akasema. "Naomba nisikuone tena maishani."

Fundi saa akainamisha kichwa, akaelekea mlangoni. Mzee mmoja kwenye foleni akampa pole. Fundi saa alikuwa ameshashika mlango aliposimama ghafla.

"Sura ya tatu?" akauliza, akiogopa kugeuka.

"Sura ya tatu. Na jioni usichelewe."