Trekta la Mwenyekiti Napari

Sikilizeni, ndugu zangu, na mwenye tabia hii asijifiche nyuma ya mwenzake.

Asubuhi ile kijiji cha Zugbali kilikuwa shwari. Mvua nzito ya Juni ilikuwa imenyesha, na Wumpini alikuwa uani na wenzake wakichambua mbegu za soya, wakitaniana. Walikuwa wanawake kumi na wawili. Kiwanda cha kukamua mafuta kule mjini Tamale kiliahidi kununua soya yao yote kwa sharti moja tu: mbegu iwe ardhini kabla ya katikati ya Julai, ikomae kabla mvua haijakata. Mradi mmoja ukakipa kikundi chao trekta. Lakini fomu ilitaka jina la mwenye ardhi, na kwao mwanamke hulima kipande anachopewa na mumewe. Basi akaandikwa Napari, mume wa Wumpini. Hapo walimkabidhi fisi bucha.

Mara honi ikalia. Napari huyo juu ya trekta, kavaa joho la sikukuu na miwani ya jua, utadhani anakwenda kuoa.

"Karibu, Baba Fatawu," Wumpini alimkimbilia. "Tuanze kwangu au kwa mwenzangu Lamisi?"

"Niite Mwenyekiti. Na tangu lini shamba la mwanamke likalimwa kwanza? Chifu kwanza, kisha wakwe, kisha wanaume. Ninyi mtafuata."

"Lakini trekta ni letu!"

"Fomu ina jina la nani?"

Ndiyo desturi yao, shamba la mwanamke hulimwa mwisho. Kwa karanga za kutafuna nyumbani mtu angevumilia. Soya ya kiwanda haimngoji mtu.

Napari akalima kwa wakubwa, akasifiwa, sifa zikampanda kichwani. Mwanaume mzima! Akaacha kulima kabisa, akawa anabeba watu kwenda matangani, tela limejaa pomoni, mpiga ngoma mbele akimtajia mababu zake. Fundi alimwambia, "Mzee, muda wa kubadilisha oili umepita." Napari akacheka. "Trekta jipya hili, kwani unaliona linaumwa?"

Wumpini alikuwa akihesabu siku. Julai ilipofika tarehe nane, alimpigia magoti barabarani, mbele za watu.

"Siku moja tu, Mwenyekiti. Siku moja, nakuomba!"

"Kesho nina msiba. Unataka niende kwa miguu kama maskini?"

Kesho yake alikwenda. Nusu ya safari injini ikanoki, moshi ukatanda, na wafiwa wakashuka wakimsonya. Mjinga yule akalipiga teke tairi.

Wale kumi na wawili wakashika majembe ya mkono. Walilima mpaka viganja vikachubuka, na bado Julai iliisha hawajamaliza kupanda. Mvua ikakata wakati soya ingali kwenye maua. Mnunuzi wa kiwanda alipofika, aliminya ganda moja, akaminya la pili, yote matupu. Akapanda gari lake kwenda kijiji jirani. Wumpini alikaa chini palepale shambani akalia kwa sauti, na mimi simlaumu.

Sasa jueni kwamba huko mume hutoa nafaka na mke hutoa mchuzi, na mchuzi wa mke hutoka kwenye kipande chake. Jioni moja Napari akakaribisha wazee wawili wa chifu. Wumpini akaandaa sima moto, laini, akafunua na bakuli la mchuzi. Lilikuwa na maji matupu.

"We mwanamke, mchuzi uko wapi?"

"Uliupeleka matangani, Mwenyekiti."

Wazee wakatazamana, wakanawa mikono, wakaaga. Napari akabaki anameza matonge makavu peke yake, na hakuna aliyemwonea huruma.

FUNZO

Kilimo cha biashara hufuata msimu, hakijui cheo cha mtu. Ukinunua mashine mpya ukaiendesha kwa majivuno ya kale, umenunua chuma tu. Wanaume wa aina ya Napari, mnaopenda kuitwa wenyekiti, lisheni watu kwanza ndipo msifiwe. Na ninyi kina mama, kinachotokana na jasho lenu kiandikwe majina yenu, hata kama fomu inakataa. Gombaneni na fomu. Wumpini aliona haya kugombana, na haya hiyo ilimlia soya yake yote.