Ndege Yuleyule, Mpango Mwingine

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye njaa.

Mimi ni fundi wa mabasi ya shule hapa Youngstown. Tangu kiangazi nilikuwa naona damu chooni. Nikajiambia ni bawasiri, kama wanaume wote wa ukoo wetu wanavyojiambia. Mke wangu Noreen alipojua, hakugomba. Alisimama mlangoni na funguo za gari mpaka nikaenda kwa daktari wetu wa familia.

"Damu haibahatishwi, Emil," daktari alisema. "Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa saratani. Lazima upimwe utumbo kwa kamera."

Akanipa rufaa kwa daktari bingwa wa tumbo. Nafasi ya karibu ilikuwa Machi, Ijumaa moja ya Kwaresima.

Alhamisi sikula kitu. Jioni nikanywa ile dawa ya kusafisha utumbo, yenye ladha ya maji ya bahari yaliyotiwa limau. Yaliyofuata nayaacha chooni.

Ijumaa asubuhi, dada wa mapokezi alitazama kadi yangu ya bima, akatazama kompyuta, akarudi kwenye kadi.

"Bwana Hudak, bima hii hatuipokei."

"Nilipiga simu wiki hii. Nikauliza kama mnapokea bima ya kampuni ya Kestrel. Mkasema ndiyo."

"Kestrel tunapokea. Mpango huu wa Kestrel hatupokei."

"Kadi ni ya bluu ileile. Ina picha ya ndege yuleyule."

"Ndege ni yuleyule," alikubali. "Mpango ni mwingine. Ukitaka, unaweza kulipa mwenyewe."

Akanionyesha kiasi. Nikavaa koti.

Jioni tulikwenda ukumbi wa kanisa, ambako Ijumaa za Kwaresima watu hula samaki wa kukaanga. Nilijaza sahani samaki na pirogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, nikaanza kula. Mdogo wangu Clete alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

"Kaka amesafishwa kama bomba jipya," alitangaza, "halafu akarudishwa nyumbani."

Jirani yetu Odessa Pruitt, aliyekuwa akikaanga samaki, alisikia. Alikaa miaka mingi mapokezi katika kliniki kabla ya kustaafu. Akaja na mwiko wake mkononi.

"Emil, Novemba kazini mlichagua bima ya mwaka mpya?"

"Tulichagua. Nikachukua yenye makato madogo ya mshahara. Kampuni ileile."

"Na miadi ya daktari uliiweka lini?"

"Oktoba."

"Basi uliiweka na mpango wa zamani, ukaenda na mpango mpya. Kampuni moja ina mipango mingi, na kila mpango una madaktari wake. Ukiuliza 'mnapokea Kestrel,' watakujibu ndiyo, na hawajakudanganya."

"Kwa nini hawakuniambia?"

"Kwa sababu hukuwauliza, jirani. Leta kadi."

Akaweka kidole chenye mafuta juu yake. "Jina la mpango ni hili hapa, chini ya ndege wako. Nyuma kuna simu ya bima. Wapigie hao kwanza. Waambie wakutajie madaktari wa tumbo walio kwenye mpango huu na wanaopokea wagonjwa wapya. Halafu piga kwa daktari mwenyewe, umsomee jina la mpango neno kwa neno. Usiamini orodha peke yake, huwa imezeeka. Uliza pia kama hospitali utakakopimiwa, na daktari wa dawa ya usingizi, nao wamo kwenye mpango. La sivyo bili itakufuata nyumbani. Na uulize kama mpango unataka rufaa mpya."

"Hiyo ni kazi ya mtu mzima," nilisema.

"Na wewe ni mtoto?"

Jumatatu nikaanza. Kestrel walinipa majina. Daktari wa kwanza alikuwa amestaafu akahamia Florida. Wa pili alikuwa amefariki, na mjane wake ndiye aliyepokea simu. Nilimpa pole, nikaenda nje kupiga teke gurudumu la basi. Wa tatu hakuwa akipokea wagonjwa wapya.

"Naacha," nilimwambia Noreen.

"Rudi kwa bima," alisema. "Waambie orodha yao ina marehemu. Wakutafutie wenyewe."

Nikarudi. Safari hii mama mmoja wa Kestrel alibaki kwenye simu, akawapigia madaktari yeye mwenyewe mpaka akapata bingwa mmoja mjini Warren. Nikapiga kwa daktari huyo, nikasoma jina la mpango, nikauliza kila alichosema Odessa. Kila jibu likawa ndiyo. Daktari wetu akaandika rufaa mpya.

Nikanywa bahari yangu tena. Daktari wa Warren alikuta vinundu viwili kwenye utumbo, akavitoa palepale.

"Bado havijawa saratani," alisema. "Ungeviacha, vingeweza kuwa."

Jumapili Noreen alipika majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama, na Clete akaja kula. Mezani akakiri kwamba naye huona damu.

"Lakini mimi siwezi haya mambo ya kaka," alisema. "Bima zote ni wezi. Nani ana muda wa kukaa nusu siku na simu sikioni, anaambiwa asubiri, anapigiwa kinanda tu?"

Noreen alimwongezea kabichi kwenye sahani.

"Basi usipige, shemeji. Kinanda kitapigwa kanisani, wewe umelala mbele ya altare, na hakuna atakayekuambia usubiri."